Mzee wa Nyeri na baraza la watoto



Kila mwaka inapokaribia tarehe 22 Februari, maskauti hukusanyika Nyeri kwenye kaburi la Mwingereza mmoja aliyefariki mwaka 1941. Kutoka Mombasa ni safari ya usiku kucha na ziada, na watoto wetu wa pwani hufika kule wakitetemeka kwa baridi, mikono imefichwa makwapani. Nilikwenda nao mara moja nikiwa mlezi wa kujitolea. Kwenye jiwe la kaburi pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiweka njiani kuwaambia wenziwe kwamba amesharudi nyumbani.

Kijana mmoja wa miaka kumi na mitano, kiongozi wa patroli yake, aliniuliza pale: ami, huyu mzee alifanya nini hasa hata tumekuja mbali hivi? Nikamjibu kwa haraka kwamba ndiye aliyeanzisha uskauti. Tukapiga picha, tukarudi garini. Jibu lile halikuwa la uongo, lakini halikutosha. Leo nataka kumjibu sawasawa, na ninalo deni la kufanya hivyo, kwa sababu kijana yule hayuko tena kikosini na aliyemtoa ni mimi.

Hayo yatafuata. Kwanza mzee mwenyewe.

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa kasisi na profesa wa chuo kikuu cha Oxford, akafariki mtoto akiwa na miaka mitatu tu. Mama, Henrietta, akabaki na nyumba iliyojaa watoto na pesa za kuhesabu. Aliyewafunza mengi wale wavulana hakuwa mwalimu, alikuwa kaka yao mkubwa, Warington, ambaye alikuwa mwanamaji. Wakati wa likizo aliwachukua nduguze kwenye mashua, yeye nahodha na wao mabaharia. Robert mdogo akapewa kazi za kupika na kuosha vyombo, na chakula kikiungua walikila hivyo hivyo.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa jambo hili. Nani kati yetu aliyefunzwa kuogelea na mtu mzima? Tulifunzwa na watoto waliotuzidi miaka miwili mitatu, pale ngazini, wakitusukuma majini na kutuchungua kama tutaibuka.

Shuleni, Charterhouse, hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Karibu na shule palikuwa na msitu ambao wanafunzi walikatazwa kuingia, naye akawa anaingia. Alitega sungura, akawapika kwa moto mdogo usiotoa moshi ili walimu wasimgundue. Oxford haikumchukua. Akafanya mtihani wa jeshi, akafaulu vizuri mno, na mwaka 1876, akiwa na miaka 19, akapelekwa India kuwa ofisa wa askari wa farasi.

Hapa yafaa niseme jambo ambalo kwenye sherehe halisemwi. Huyu alikuwa askari wa dola, na dola hiyo ndiyo iliyotutawala. Alikuwamo katika msafara wa kuivamia Ashanti, Ghana ya leo, mwishoni mwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata alipigana na Wamatabele waliosimama kudai nchi yao, katika nchi tunayoiita Zimbabwe. Huko alimkamata mkuu mmoja aliyeitwa Uwini, akamweka mbele ya mahakama ya kijeshi aliyoiunda mwenyewe, na Uwini akapigwa risasi akafa. Wakubwa wake walimfanyia uchunguzi na kumwona hana hatia. Mimi si hakimu wa jeshi la Uingereza, lakini ninapowavalisha watoto wa Kiafrika skafu shingoni, jina la Uwini hunijia, na naona ni haki walijue nalo pia.

Baada ya vita vile alirudi India kusimamia kikosi cha askari wa farasi, na huko akagundua kitu kilichokuja kubadilisha maisha ya watoto wengi duniani. Askari waliozoea kupangwa mistari na kupigiwa kelele walikuwa hawawezi kufikiri wakiachwa peke yao. Akawagawa vikundi vidogo vidogo, kila kikundi kikiwa na kiongozi wake, akawapa kazi na kuwaacha waende. Akaandika kitabu kidogo cha mafunzo hayo, kikatoka mwaka 1899.

Mwaka huo huo akafungiwa Mafeking, mji mdogo wa Afrika Kusini, Makaburu wakiwa wameuzunguka. Mazingira yale yalidumu siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Askari walikuwa wachache, kwa hiyo wavulana wa mji walikusanywa kuwa kikosi cha matarishi. Aliyekipanga alikuwa ofisa wake, Lord Edward Cecil, na mkubwa wa watoto wale alikuwa mtoto mwenzao wa miaka 13, Warner Goodyear. Walipeleka barua, walipiga lindo, walipita na baiskeli huku mizinga ikilia. Baden-Powell aliwatazama na hakuyasahau aliyoyaona.

Pia aliona, au alipaswa kuona, hali ya Waafrika wa mji ule. Wabarolong walishika bunduki kuulinda mji, lakini chakula kilipopungua mgao wa weusi haukuwa kama wa weupe, na wapo waliokufa kwa njaa. Wanahistoria wamebishana sana juu ya sehemu yake ya lawama. Kwao Uingereza watu walimiminika mabarabarani kushangilia mji ulipokombolewa, naye akawa shujaa wa kila nyumba.

Aliporudi kwao mwaka 1903 alikuta kile kitabu chake cha askari kinasomwa na watoto na walimu. William Smith, mwanzilishi wa Boys' Brigade, akamshauri akiandike upya kwa ajili ya vijana. Hakuanza kwa kuandika, alianza kwa kujaribu. Mwezi Agosti 1907 alichukua wavulana kama ishirini hivi akaenda nao kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wengine walitoka shule za matajiri, wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya jirani ya Poole na Bournemouth. Kwa Uingereza ya wakati ule, kuwalaza hema moja lilikuwa jambo la ajabu kuliko kambi yenyewe.

Aliwagawa patroli nne: Mbwamwitu, Fahali, Kunguru, na wa nne ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye Waingereza humwita Curlew na sisi tunamwona kila maji yakitoka. Kila patroli ilikuwa na mvulana mmoja kiongozi, na huyo ndiye aliyewajibika kwa wenzake mchana na usiku. Kila patroli ilipata usiku wake wa kwenda kulala peke yake mbali na kambi, ikijiwekea walinzi wake. Alfajiri aliwaamsha kwa pembe ya tandala aliyoitoa Matabele. Niliposoma habari za pembe hiyo nilikumbuka siwa zetu za Lamu na Pate, nikajiuliza Wamatabele wangeipigia nini wao.

Kitabu, Scouting for Boys, kilitoka mwaka 1908 kwa vijitabu vya bei nafuu, kimoja baada ya kimoja. Na sasa nimefika mahali nilipotaka kufika tangu mwanzo, kwa sababu yaliyotokea baada ya hapo ndiyo tuliyoyasahau sisi walezi.

Watoto hawakungoja. Walinunua vile vijitabu kwa senti zao, wakajipanga wenyewe mitaani, wakachagua viongozi, wakashika fimbo wakaenda mashambani. Halafu ndipo wakaanza kutafuta mtu mzima. Waliwafuata walimu, makasisi, makarani, vijana waliokuwa wakitoka kazini jioni, wakawaomba wawe walezi wao. Kwa vikosi vingi vya mwanzo mambo yalikwenda hivyo: kikosi kilitangulia, mlezi akafuata. Mtu mzima alikuja kama mgeni aliyealikwa, na mgeni haingii jikoni akageuza vyungu.

Wasichana nao hawakuomba ruhusa. Mwezi Septemba 1909 zaidi ya maskauti 10,000 walikutana Crystal Palace, London, na miongoni mwao mkawa na wasichana waliovaa kofia zile zile, wakisema nao ni maskauti. Mwaka 1910 akaanzisha chama chao, Girl Guides, dada yake Agnes akisaidia. Mwaka huo huo aliacha jeshi akiwa jenerali, akaishughulikia kazi hii hadi mwisho. Mwaka 1912, akiwa na miaka 55, alimwoa Olave Soames wa miaka 23, ambaye alikuja kuwaongoza wasichana wa dunia nzima. Walijaaliwa watoto watatu.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza na mgumu kuufuata. Patroli ni vijana sita hadi wanane. Viongozi wa patroli hukutana katika baraza lao, na baraza ndilo linalopanga safari, linaloshika fedha za kikosi, linalomwonya aliyekosea. Mlezi huhudhuria lakini haliendeshi. Kazi yake ni kuwafunza wale viongozi wachache, kisha kuwaacha wawafunze wenzao. Mwaka 1914 kijana aliyeitwa Roland Philipps, mlezi katika mitaa ya kimaskini ya mashariki ya London, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Ufaransa.

Baden-Powell alikuwa ameona kwamba vijana hujikusanya vikundi wenyewe, na kila kikundi humpata mkubwa wake, apende mzazi asipende. Yeye alichofanya ni kukichukua kikundi kilichokuwepo tayari na kukipa kazi ya maana.

Sasa tazama mitaa yetu. Hivyo vikundi vya vijana wenye mapanga vinavyotunyima usingizi Mombasa, vyenye majina ya kuogofya na viongozi ambao hawajaota ndevu, ni nini kama si patroli zisizo na mlezi? Mtoto wa miaka 14 anaingia kule kwa sababu anapewa wadhifa, anaaminiwa na siri, neno lake linasikizwa. Nyumbani anaambiwa nyamaza. Shuleni anaambiwa kaa chini. Na akija kwetu sisi wa kujitolea, anaambiwaje?

Nitasema aliloambiwa mmoja wao. Likizo moja ya Agosti tulipanga kambi ufukweni Kilifi. Mimi ni mtu wa diploma ya uhasibu, nafanya kazi ya vitabu vya hesabu, na nakiri kwamba bajeti ya watoto wale ilikuwa safi kuliko nyingi ninazoletewa na watu wazima. Baraza lao lilikuwa limekaa Jumamosi tatu. Kijana yule aliyeniuliza swali kule Nyeri ndiye aliyeandika kila kitu kwenye daftari: nauli ya matatu baada ya kuomba kupunguziwa, unga, maharagwe, nazi, zamu za kupika, nani atawaamsha wenzake kwa sala ya alfajiri. Siku tatu kabla ya safari akatokea mfadhili. Alitaka kuja na wageni wake, apige picha, alete pilau. Sikuwauliza. Nilikodi mpishi, nikabadili ratiba, nikahamisha mahema kwa sababu mandhari ya picha yalikuwa mazuri upande wa pili. Kijana alipokuja kunieleza kwamba zamu zimevurugika, nilimwambia akae na wenzake, wakubwa wanashughulika.

Hakusema neno. Alinipa lile daftari mkononi, kwa adabu, kwa mikono miwili. Tulipofika Mombasa alishuka kwenye matatu, na Jumamosi iliyofuata hakuja, wala nyingine.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na bibi yake Marikiti akinunua mchicha. Akaniuliza, mwanangu, mbona mmemwacha mjukuu wangu? Sasa anashinda maskani na wakubwa zake. Nikababaika na mifuko yangu. Kile kitu tunachokiita kusaidia vijana kilikuwa kimemfundisha kijana mmoja kwamba kazi yake haina thamani mbele ya sinia la pilau.

Najua watakaosema watoto wakiachiwa wataangamia. Hoja hiyo ina uzito, na uskauti wenyewe uliilipia mapema. Warington, yule kaka nahodha, alikuja kuandika kitabu cha maskauti wa baharini, nacho kilitoka mwaka 1912. Mwezi Agosti wa mwaka huo huo mashua ya maskauti wa Walworth, London, ilipinduka karibu na Leysdown kwa dhoruba ya ghafla. Wavulana tisa walikufa maji. Mlezi wao, Sidney Marsh, alikuwamo ndani ya mashua, na alijirusha majini kuwaokoa aliowaweza. Kwa hiyo kuwaachia uongozi hakukuwa na maana ya kuwapa mgongo. Wale walezi walikuwepo. Mambo ya hewa na bahari na moto na dawa ni juu ya mtu mzima, na hayo hayapigiwi kura. Lakini nazi ngapi zikunwe na nani aamke kwanza, hilo si la bahari.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia alitambua kwamba shida ilikuwa kwa walezi kuliko kwa watoto, na mwaka 1919 pakafunguliwa Gilwell Park, nje ya London, mahali pa kuwafunza wakubwa. Aliyehitimu alipewa shanga mbili za mbao kutoka kwenye mkufu wa Kizulu ambao Baden-Powell alirudi nao kutoka Afrika Kusini. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya namna yake: watu wazima wakagawanywa patroli, wakapika, wakaosha vyungu, wakaongozwa na mmoja wao. Mwaka 1920, kwenye jamborii la kwanza kule Olympia, London, vijana wakamtangaza skauti mkuu wa dunia.

Mbona basi mtu aliyemwamini mvulana wa Kiingereza wa miaka 13 hakuweza kumwamini Mwafrika mzima? Kule Afrika Kusini vijana weusi hawakuruhusiwa kuwa maskauti pamoja na weupe. Walianzishiwa chama cha pembeni, Pathfinders, na Baden-Powell alipozuru mwaka 1936 alikubali mpango wa matawi yaliyotengwa kwa rangi chini ya mwavuli mmoja. Huenda aliona hana njia nyingine. Naona njia ilikuwepo, ni ile aliyoifuata Brownsea kati ya tajiri na maskini. Kwa ndugu zetu wanaohofia kwamba uskauti ni mambo ya kanisa, nitasema tu kwamba ahadi ya skauti inamtaka kila mmoja atimize wajibu wake kwa Mungu kwa dini yake, na sijaona mtoto aliyekosa sala yake kambini isipokuwa mlezi mwenyewe alilala.

Mwaka 1938, afya ikiwa imemchoka, alihamia Nyeri na mkewe. Kijumba chao, walichokiita Paxtu, kilijengwa kwenye kiwanja cha hoteli ya Outspan, ya Eric Sherbrooke Walker, mtu aliyefanya kazi naye siku za mwanzo za uskauti. Huko alichora wanyama na kuandika, akitazama Mlima Kenya. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, wiki sita hivi kabla ya kutimiza miaka 84. Olave aliishi hadi 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri kuzikwa pamoja na mumewe.

Nilikwenda nyumbani kwa kijana yule baada ya sala ya Isha, nikampelekea daftari lake. Nilimwomba radhi mbele ya bibi yake. Alilipokea, akalifunua kurasa mbili tatu, akasema atafikiri.

Kikosi chetu siku hizi baraza hukaa chini ya mwarobaini, na mimi huketi mkekani upande wa pili wa ua mpaka niitwe. Jumamosi iliyopita nilingoja tangu Alasiri. Waliniita mara moja tu, kuuliza kama wanaweza kuvuka kwa dau kwenda kambini Desemba. Nikawaambia bila ya jaketi za kuokolea maisha kwa kila mmoja hapana, wakaandika hapana, wakanishukuru, nikarudi mkekani.

Magharibi inaadhiniwa, alikuja msichana mdogo, dadake kijana yule, na daftari kwapani. Bei ya unga ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa ya sasa, na ya nazi pia. Hakunipa mimi. Alipita mbele yangu, akanisalimia shikamoo ami, akaenda kulikabidhi barazani.